Kilichowekwa Kando ya Maneno Yake

Daktari hakuwahi kufunga geti lake mara moja. Alilifunga, akatembea hadi mlangoni, akasimama, kisha akarudi kulitikisa. Ukimcheka alikwambia, "Wasiwasi ndio akili, Wambui," halafu akarudi tena, kwa sababu kicheko chako kilikuwa kimemsahaulisha kama alilitikisa kweli.

Tulimwita Daktari ingawa hakuwahi kutibu mtu. Mama huyo alikuwa afisa wa mifugo. Maisha yake yote ya kazi alizunguka Trans-Nzoia na Bungoma akichanja ng'ombe, akizalisha waliokwama na kuwaambia watu habari ambazo hawakutaka kusikia kuhusu wanyama wao. Alipostaafu alijenga karibu na kwetu, nje kidogo ya mji wa Kitale, na hivyo ndivyo alivyokuwa jirani yangu. Mimi nina saiba mjini, mahali watu huja kuchapisha barua na kutafutiwa mambo kwenye mtandao. Alianza kuja kama mteja, baadaye akawa anakuja hata bila shida yoyote. Alikuwa na kiti chake karibu na dirisha, na mtu akikikalia alisimama kando yake akihema hadi mtu huyo aondoke.

Sasa hayupo. Tulimzika kwao Chwele, na pale kaburini wazungumzaji walimsifu kwa ujasiri. Nilisimama katikati ya watu nikijiuliza kama sote tulikuwa tumemjua mtu yule yule. Ni kweli, nilimwona mara moja kwenye soko la Chwele, fahali alipokata kamba na watu wazima wakakimbilia juu ya pikapu. Daktari alibaki pale pale, akamsemesha yule mnyama polepole kama anayebembeleza mtoto, akamshika kamba na kumrudisha kwa mwenyewe. Aliweza kuingiza mkono ndani ya ng'ombe hadi begani huku akikuuliza habari za nyumbani. Lakini mama huyu huyu alinishika mkono kwa nguvu kila tulipovuka barabara pale Kitale penye bodaboda nyingi. Radi ikipiga alizima simu na kuifunika kwa mto. Akipika maharagwe aliyachagua, akayachagua tena, na tukiwa mezani bado alikuwa akitafuta jiwe.

Siku moja nilimuuliza hofu yote hiyo ilitoka wapi.

"Mgonjwa wangu hana mdomo," akasema. "Wewe ukikosea, mteja anakupigia kelele, unarekebisha. Mimi nikikosea, ng'ombe ananiangalia tu. Sasa utajuaje?"

Blogu ilizaliwa kutokana na wasiwasi huo huo. Baada ya kustaafu watu waliendelea kumpigia simu kutoka Sirisia, Cheptais na kwingineko: ndama anaharisha, kuku wanasinzia, ng'ombe amevimba tumbo. Aliwajibu wote, kisha akakosa raha akiwaza kama wamesikia vizuri. "Kwa simu mtu anasikia nusu," alisema. "Hiyo nusu ingine anajiwekea mwenyewe. Nikiandika, atarudi asome." Nikamfungulia blogu. Tukaweka picha yake juu, amevaa gambuti na koti jeupe, na jina lake chini ya picha. Aliandika kwa Kiswahili kwa sababu, alisema, Kiingereza cha dawa kinamfanya mkulima aone haya kuuliza.

Ni mimi niliyependekeza matangazo. Daktari alikuwa bado akipanda pikipiki kwenda kuona wanyama wa watu waliomwandikia, na mafuta na bando la mtandao vilitoka mfukoni mwake. Nikamweleza kwamba kuna kampuni huweka matangazo kwenye kurasa za watu na kuwalipa kidogo. Aliniuliza maswali asubuhi nzima.

"Nani anachagua tangazo gani likae kwangu?"

"Ni mashine, Daktari. Inasoma kile umeandika, halafu inatafuta tangazo linalofanana nacho."

"Inasoma Kiswahili?"

"Inajaribu."

"Ng'ombe inamjua?"

Nikamwambia tutaona. Akakunja mikono kifuani kama mtu anayengojea majibu ya hospitali.

Tuliona. Makala yake ya kwanza ilihusu homa ya pwani, ule ugonjwa wa kupe unaomaliza ng'ombe huku kwetu. Mashine ilisoma neno "pwani" na kumwekea hoteli za baharini, watu wamelala kwenye viti kando ya bwawa la kuogelea, na juu yao Daktari anaeleza jinsi tezi zinavyovimba chini ya masikio ya mnyama anayekaribia kufa. Makala ya ugonjwa wa miguu na midomo ilipata rangi za mdomo na viatu vya wanawake vyenye visigino virefu. Daktari aliangalia vile viatu kwa muda mrefu.

"Hivi ng'ombe akivaa si ataanguka?" akauliza. Nilicheka hadi wateja wakageuka. Yeye hakucheka. Alitaka kujua kama msomaji atadhani ni yeye aliyeviweka.

Kisha likaja lile la kura. Daktari alikuwa mtu wa Bungoma, na *l* na *r* zilibadilishana viti mdomoni mwake bila kuombana ruhusa. Sisi watu wa kwetu pia tuna shida yetu na herufi hizo hizo, kwa hiyo nilipomsomea kabla ya kuchapisha sikuona kosa. Alikuwa ameandika, "Ukiona ng'ombe amekataa kura siku nzima, mwite mtaalamu." Ulikuwa wakati wa kampeni. Mashine ikashika neno "kura" na kutujazia ukurasa mzima nyuso za wanasiasa, wanatabasamu kuzunguka ng'ombe aliyekataa kuwapigia.

Mkulima mmoja alimpigia simu. "Daktari, sikujua umeingia siasa. Uko upande gani?"

Hiyo ilimkosesha usingizi. Alikuwa ametumikia watu wa vyama vyote maisha yake yote, na sasa nusu ya wateja wake wangeanza kuficha ng'ombe wao wakimwona. Akaja saiba kabla sijafungua mlango. "Wambui, hii mashine lazima tuifunze," akasema. "Sio kwamba ni mbaya. Haijaelewa tu."

Basi tukaanza kuifunza. Kwanza nilisahihisha *l* na *r* zote, nikitumia kamusi kwa sababu sikujiamini. Halafu tukatenganisha mambo. Daktari alikuwa na tabia ya kuanza na minyoo ya mbuzi, kupitia harusi ya mpwa wake na kuishia kwa bei ya majani ya ng'ombe. Nikamwambia kila ukurasa ushike jambo moja, kwa sababu mashine ikisoma harusi inaleta keki. Alikubali kwa uchungu, maana zile harusi alizipenda. Vichwa vya makala tukavifanya vitaje mnyama waziwazi: haikuwa tena "Homa ya Pwani" pekee, ikawa "Homa ya Pwani kwa Ng'ombe wa Maziwa: Dalili na Kinga". Makala fupi tukazirefusha ili mashine iwe na maneno ya kutosha kuelewa. Nikaingia kwenye setingi, nikafungia siasa, michezo ya kubahatisha, na vitu vya mapenzi.

Ilichukua muda. Daktari alifungua ukurasa wake kila asubuhi kama mtu anayeenda kuangalia kuku waliolalia mayai. Siku moja akanipigia akipiga kelele, nikadhani kuna msiba.

"Wambui! Imeweka ndoo za maziwa!"

Baada ya ndoo zikaja mashine za kukatakata majani, kisha seng'enge, kisha mbegu za nyasi. Hata pesa za mafuta zikaanza kuonekana. Daktari alijivuna kama aliyefundisha mtoto mgumu akapita mtihani. Mimi pia nilifurahi, kusema kweli. Lakini hata katika furaha hiyo alikuwa na neno lake. Alikuwa ameketi kwenye kiti chake cha dirishani, miwani kwenye ncha ya pua, akiangalia tangazo la dawa ya kuogesha mbwa kando ya makala yake ya mbwa.

"Inanijua sana sasa," akasema. "Mtu akikujua sana hivi, lazima ujiulize anataka nini."

Nilimwambia anawaza kupita kiasi.

Alikuwa na jambo moja ambalo sikuweza kumrekebisha. Alipenda kubonyeza matangazo kwenye ukurasa wake mwenyewe. Nilimweleza hilo limekatazwa, kwamba kampuni ikiona itadhani tunaiba na kutufungia. Aliitikia kwa kichwa. Kesho yake amebonyeza. "Si wametuwekea tuangalie?" alisema. Kampuni ikatutumia onyo, na kwa siku kadhaa aliishi kama mtu aliyeitwa polisi, akiniuliza kila saa kama wamesema kitu. Kisha akaona tangazo la kofia, na kidole kikaenda.

Simu ya Sirisia ilikuja asubuhi, tukiwa pamoja saiba. Daktari aliiweka kwenye spika kwa sababu sikio lake moja lilikuwa limeanza kuchoka.

"Daktari, ni mimi Mama Nekesa, kutoka Sirisia. Ile dawa yako nimempa ng'ombe vile imeandikwa, na bado ameanguka. Sasa niongeze?"

"Dawa gani, mama?"

"Ile yako ya homa ya pwani."

"Mimi siuzi dawa."

"Ile iko hapa kwa simu, Daktari. Iko chini ya picha yako. Niliona mala ya kwanza, nikangoja, nikaona mala ya pili, ndio nikaagiza."

Nilifungua makala ya homa ya pwani kwenye kompyuta yangu. Mahali pale ambapo zamani palikuwa na hoteli na bwawa, palikuwa na chupa ya kijani na picha ya ng'ombe mnono. *Homa ya pwani kwa ng'ombe wa maziwa? Pona bila daktari.* Yalikuwa karibu maneno yetu yenyewe, yale ya kichwa tulichokitengeneza ili mashine ituelewe.

"Usiongeze," Daktari akasema kwenye simu. "Nakuja."

Tulienda na gari langu dogo. Njia nzima, kupitia Kimilili na Chwele, alishikilia sanduku lake la dawa mapajani na kuniambia niendeshe polepole, halafu kwa nini naendesha polepole. Aliuliza swali moja tu, na alilirudia: "Ni tangu lini hiyo chupa iko pale?" Sikujua. Matangazo hubadilika. Ninachokiona mimi sicho anachokiona mwingine kwenye simu yake. Nilipomweleza hivyo aligeuka na kuniangalia.

"Kwa hivyo naweza kuangalia kila siku na bado nisione?"

"Ndiyo."

Akafungua sanduku lake, akawa anahesabu sindano hadi tukafika.

Ng'ombe alikuwa amelala kando ya nyumba, shingo imenyooka, povu puani, na kupumua kwake kulisikika kutoka kwenye ua. Mama Nekesa alikuwa mwanamke mwembamba wa makamo aliyefunga leso kiunoni. Mumewe alikuwa amefariki na kumwachia ng'ombe huyo, ambaye sasa alikuwa karibu kuzaa. Majirani walikuwa wamesimama pembeni. Daktari alipiga magoti kwenye matope, akashika tezi, akafungua jicho, akasikiliza kifua. Akachoma sindano aliyokuja nayo. Nilimjua vya kutosha kuona kwamba mikono yake ilifanya kazi bila matumaini. Kisha akaomba kuona chupa.

Aliinusa. Akaweka tone kwenye kidole na kulisugua. Akaketi chini pale pale, kwenye matope.

"Hii ni sabuni na rangi," akasema.

Jirani mmoja mwanamume akasema, "Ati sabuni? Na imeandikwa inatibu mpaka minyoo!"

"Angenipigia siku ya kwanza," Daktari alisema, karibu anajisemea, "kuna dawa. Siku ya kwanza kuna dawa."

"Ningekupigia ya nini, na dawa umeniwekea hapo?" Mama Nekesa aliuliza. Hakupaza sauti. Afadhali angepaza. "Mimi nimekusoma miaka hii yote. Ukisema chanja, nachanja. Ukisema ogesha, naogesha. Sasa nimesoma kwako nunua, nimenunua."

Hapo nikaona nimsaidie. Nikaanza kumweleza Mama Nekesa kwamba hayo ni matangazo, kwamba hatuyachagui sisi, kuna kampuni, kuna mashine inayosoma—

"Wambui, nyamaza," Daktari akasema.

Nikarudi pembeni kwa majirani.

Alisimama, akajipangusa mikono kwenye koti. "Mama Nekesa, nyumba ni yangu. Aliyeingia akakudanganya aliingia kwa mlango wangu. Mimi ndiye nilimfungulia."

Yule mama alimwangalia, kisha akaangalia ng'ombe wake. "Mimi sijui mambo ya mashine," akasema. "Najua tu picha ni yako."

Ng'ombe alikufa kabla ya saa sita, na ndama akafa tumboni. Daktari alibaki hadi shimo likachimbwa, akisimamia lichimbwe kwa kina ili mbwa wasifukue, akiwazuia wale waliotaka nyama. Wakati wa kurudi alinisimamisha mahali penye bomba kando ya barabara, akanawa mikono. Akaingia garini. Tulipofika Chwele akaniomba nisimame tena, akanawa tena.

Baadaye alimpelekea Mama Nekesa mtamba kutoka zizi lake mwenyewe. Mama Nekesa alikataa kwanza. Alisema akimchukua watu watasema alimshtaki mzee wa watu hadi akatoa ng'ombe. Walibishana kwa simu muda mrefu, nikiwasikia, mpaka wakakubaliana jinsi watu wa kwao wanavyoachiana mifugo: Mama Nekesa amfuge, na ndama wa kwanza arudi kwa Daktari. Baada ya hapo waliongea karibu kila wiki. Sijui kama hilo linaitwa msamaha. Waliongea.

Kuhusu blogu, kesho yake tu Daktari alikuja na neno moja: "Toa."

"Nitoe lile tangazo?"

"Yote."

Nilibishana naye. Nilimwambia pesa hizo ndizo zinazompeleka kwa watu, na akikosa kwenda, wale wanaouza sabuni watakwenda badala yake. Tukaripoti ile chupa. Kampuni ikatujibu kwa ujumbe wa kutushukuru ambao ulionekana wazi haukuandikwa na mtu. Tukafungia yule muuzaji, naye akarudi baada ya muda na jina lingine na chupa ya bluu. Hapo ndipo nilipoanza kulala vibaya mimi pia. Nilikuwa nimeiona kazi yetu kama ya kupanga duka: vitu vinavyofanana vikae pamoja. Sasa niliamka alfajiri nikifungua ukurasa kwenye simu yangu, kisha kwenye simu ya mume wangu, kisha kwenye ya dada yangu, nione kila mmoja ameonyeshwa nini.

Mwishowe tulikubaliana njia ya katikati. Kurasa zote za magonjwa tukaziondolea matangazo kabisa, zikabaki maneno yake na namba ya simu. Tukayaacha kwenye kurasa za majani, mabanda, na maziwa pekee. Dawa za aina yoyote nikazifungia zisije mahali popote. Juu ya kila tangazo lililobaki Daktari aliniandikisha: *Hili ni tangazo. Si maneno yangu. Ukiwa na shaka, nipigie kwanza.* Na walimpigia, kuulizia hata ndoo.

Jambo alilosema wakati huo nimelifikiria mara nyingi kuliko yote aliyowahi kuniambia. Tulikuwa tunakunywa chai nyuma ya saiba, na mimi nilikuwa nikilalamika kwamba mashine bado haina akili, haijui tofauti ya dawa na sabuni.

"Ilipotuwekea hoteli nililala vizuri," akasema. "Hakuna mtu wa Sirisia angempeleka ng'ombe kuogelea. Kila mtu aliona ni upuzi, akapita. Shida ilianza ilipoelewa. Uongo ukikaa mbali na ukweli, bana, hauna nguvu. Ni ukikaa karibu, ukavaa nguo zake."

"Kwa hivyo tulikosea kuifunza?"

Alikoroga chai ambayo haikuwa na sukari. "Tuliifunza kuongea kama mimi," akasema. "Hatukuifunza kuogopa kama mimi."

Na bado, kama nilivyosema, alikuwa mtu wa pande mbili. Siku moja, muda mrefu baada ya Sirisia, nilikuwa nyumbani kwake nikitafuta sukari, nikafungua kabati nisilostahili kufungua. Nilikuta mkebe wa mafuta ya magoti, wa aina inayotangazwa mtandaoni kwa picha ya mzee anayeruka kamba. Ulikuwa umetumika nusu. Daktari aliniona nikiusoma. Nilingoja aone haya.

"Magoti ni yangu," akasema. "Nikidanganywa, nimedanganyika peke yangu."

"Yanasaidia?"

"Hapana," akasema, akauchukua na kuurudisha kabatini kwa uangalifu.

Moyo wake ndio uliomshinda hatimaye. Miguu ilianza kuvimba, akawa anahema akipanda ngazi moja, na binti yake akamchukua kwenda kuishi naye Bungoma mjini, karibu na hospitali. Geti la Kitale likafungwa na mtu mwingine, mara moja. Tuliongea kwa simu kila asubuhi. Hakuniuliza habari za watoto wangu kabla hajauliza, "Leo wameweka nini?" Nilimsomea: mbegu za nyasi, Daktari. Tangi la maji, Daktari. Nyavu za kuku. Kila moja alilipima kabla hajaniruhusu kuendelea.

Nilimtembelea kipindi cha mvua ndefu. Alikuwa ameketi sebuleni kwenye kiti chenye mito, miguu juu ya kibago, na alikuwa amepungua mno kiasi kwamba nilitabasamu kupita kiasi. Binti yake alituletea chai, akatuacha. Daktari hakutaka salamu ndefu.

"Umekuja na kompyuta?"

Nilikuwa nayo.

"Nimekuwa nikiwaza," akasema. Akatua kuvuta pumzi. "Nikiondoka, maneno yatabaki pale. Si ndiyo?"

"Yatabaki, Daktari. Na wewe huendi popote."

"Wacha hiyo. Yatabaki, na picha yangu itabaki, na hiyo mashine itaendelea kuweka vitu kando yangu. Chochote. Na mtu atapiga ile namba aulize, na hakuna atakayeshika." Alinitazama. "Wewe una watoto, una kazi. Sitakuachia kuamka alfajiri kwa sababu yangu. Nimeona vile umekonda."

Sikuwa nimemwambia kamwe kwamba ninaamka alfajiri.

"Toa yote," akasema. "Leo. Nikiona."

Safari hii sikubishana. Nilivuta kigoda karibu na kiti chake, nikafungua setingi, nikamwonyesha mahali. Aliomba abonyeze mwenyewe. Aliweka kidole juu ya kile kitufe, akaniuliza kama ni hiki, nikasema ni hicho, akauliza tena, kisha akabonyeza. Tukafungua ukurasa upya. Pembeni palikuwa peupe. Majani, maziwa, mabanda, kila mahali palipokuwa na ndoo na seng'enge sasa hapakuwa na kitu, ni maandishi yake tu kutoka juu hadi chini.

Aliegemea nyuma, akafumba macho, na nilidhani nimemwona akipumzika kwa mara ya kwanza tangu nimjue.

"Nisomee," akasema.

Nikachagua makala ya kuogesha ng'ombe dhidi ya kupe, moja ya zile alizoandika mwaka wake wa mwisho Kitale, alipokuwa ameanza kuchoka. Nilisoma kuhusu kuchanganya dawa na maji, kuhusu kuvaa glavu na kusimama upepo ukiwa mgongoni. Nikasoma: "Nyunyizia mgongo wote, tumbo, kati ya miguu, na chini ya mkia."

"Endelea."

"Halafu umwache akauke kivulini."

Macho yakafunguka. "Rudi hapo. Baada ya mkia."

"Halafu umwache akauke."

"Na masikio?"

Nilitafuta juu, nikatafuta chini. "Hakuna masikio, Daktari."

"Masikio!" Alijaribu kuinuka, mito ikaanguka. "Kupe wa homa ya pwani anakaa wapi kama si ndani ya sikio? Wambui! Watu wamekuwa wakiogesha ng'ombe mzima na kuacha masikio! Tangu lini? Ni wangapi wamesoma? Tumekaa tukichunga pembeni, tukichunga pembeni, na hapa katikati..." Pumzi ikamkatikia. Nikamshika bega, nikimwambia atulie, kila mkulima anajua masikio, ataongezea mwenyewe. Alinisukuma mkono.

"Andika. Na ndani ya masikio. Andika sasa hivi."

Niliandika. Nikamsomea sentensi yote. Akaitikia kwa kichwa, akaomba miwani yake, akaivaa, akavuta kompyuta mapajani mwake mwenyewe na kurudi juu kabisa, kwenye makala ya kwanza aliyowahi kuandika, akaanza kusoma akifuata kila mstari kwa kidole huku midomo ikicheza.

Binti yake alipokuja kusema chakula kiko tayari tulikuwa tumepita minyoo, kiwele na kuharisha kwa ndama. Chai ilikuwa imepoa kwenye vikombe. Nje watoto walikuwa wanatoka shule.

"Mama, njoo ule," binti alisema. "Wambui pia, lazima ana njaa."

Daktari hakuinua macho.

"Kuleni nyinyi," akasema. "Mimi bado niko kwenye kwato."